Mawe Meupe Katika Ngitili Yetu

Samuye, Jumatano, jua likizama. Joto halijapungua, na upepo unatoka upande wa ngitili. Unaniletea sauti za watu wanaopigilia vigingi vya maturubai. Kila zinaponyamaza, moyo wangu unashtuka.

Naogopa. Nimelitafutia neno hilo mbadala wenye heshima zaidi, sikuupata.

Kwa asiyetujua: ngitili ni eneo la nyasi na miti ambalo sisi Wasukuma hulifunga wakati wa mvua, ng'ombe wasiingie, ili kiangazi kikikaza tuwe na malisho. Hufunguliwa siku wazee wanapokubaliana. Yetu iko nyuma ya boma la baba, na nusu ya kitongoji inaitegemea. Siku ya kuifungua bado. Nje ya lango lake la miiba hakuna jani la kulisha hata mbuzi.

Ni mimi niliyesema kwamba ngitili hiyo yaweza pia kuwa kivutio. Nchi nzima inahimizwa kupokea wageni bila kuharibu mazingira, na viongozi wanasema utalii usiishie kwenye mbuga kubwa za kaskazini. Nimesomea mambo hayo chuo kikuu. Nilisimama mbele ya mkutano wa kijiji nikajibu hoja moja baada ya nyingine, hadi jirani yetu Mama Kulwa, mjane mwenye ng'ombe wachache na ulimi mkali, aliponyoosha mkono.

"Yaani mzungu apande ndege, aje kuangalia nyasi za ng'ombe wangu?"

Watu walicheka. Nilimweleza habari za ndege wanaohama, za miti ya dawa, za wageni wanaotafuta ukimya. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Haya, msomi. Ila ng'ombe wangu wakimkuta amekalia nyasi zao, wasitegemewe kumpa shikamoo."

Mkutano ulikubali. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyeongezwa kimo.

Maofisa wa utalii walipoahidi kuja kukagua, nilitaka waone njia ya wageni iliyopangwa vizuri. Udongo wetu ni mweusi, wa mbuga, hauna jiwe. Nikamtafuta dereva wa trekta, akaniletea mawe meupe kutoka Mwakitolyo, kwenye rundo lililotupwa na wachimbaji wadogo. Tuliyapanga pande zote mbili za njia tangu langoni hadi kwenye mkuyu. Tukachimba mashimo ya nguzo za bango, tukasimamisha vigingi kuonyesha mahali pa kupumzikia. Nilipiga picha. Nilijisifu hapahapa kwenye blogu hii, na baadhi yenu mlinipongeza.

Tafakari sasa, msomaji. Mawe meupe yenye mishipa ya kutu, mashimo mapya, vigingi. Kuanzia hapa hadi Geita, ni nani angeviona vitu hivyo vitatu pamoja akafikiria watalii?

Mimi tu.

Jumatatu mpita njia aliokota jiwe moja. Jana walikuja watu wenye karai, wakalitwanga, wakauosha unga wake, na mwishoni mwa mchanga kikabaki kijistari cha njano. Mabaki ya mgodini hayakosi chembe ya dhahabu. Hadi leo mchana rashi, ile mbio ya wachimbaji kukimbilia dhahabu mpya, ilikuwa imeanza: pikipiki baada ya pikipiki, kutoka Mwakitolyo kwanza, kisha hata kutoka Nyarugusu, kule Geita. Wamepiga kambi nje ya lango. Wanasema kesho jua likichomoza wanaingia. Sungusungu wetu, walinzi wa kijiji, wamesema atakayeingia hatatoka kwa miguu yake. Nimeona mishale ikinolewa na watu ambao juzijuzi walikuwa wakinisaidia kupanga mawe.

Nilikwenda kuwaeleza wachimbaji. Kiongozi wao ni kijana wa rika langu, wenzake humwita Kiwembe.

"Mawe haya nimeyaleta mimi," nilisema. "Yametoka Mwakitolyo."

"Umetoa mawe ya dhahabu mgodini, ukayamwaga porini?"

"Ni ya kupamba njia. Kwa ajili ya wageni."

"Jamani, huyu hata kudanganya hajasomea! Na mashimo?"

"Ya nguzo za bango."

"Bango linasemaje?"

Ilinibidi nijibu. "Karibuni."

"Basi tumeshakaribia, bosi!"

Walicheka hadi wengine wakakaa chini. Mmoja tu hakucheka, mzee mwenye nyundo, aliyekuwa akinitazama miguu kana kwamba nimesimama juu ya mali yake.

Dereva wa trekta, shahidi wangu pekee, hapatikani kwenye simu.

Nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Mama Kulwa alikuja, safari hii bila mzaha, akasimama mlangoni kwa baba.

"Baba Masanja, ndiyo maana mlitaka watu waizoee ngitili kama ya wageni? Mlishajua kilichomo?"

Baba alinigeukia mimi. Masanja ni mimi. Nilizungumza kwa muda mrefu, kwa mpangilio, na kila nilichosema kilikuwa kweli. Mama Kulwa aliondoka bila kuaga. Sijawahi kuogopa uso wa mtu kama nilivyouogopa mgongo wake.

Alasiri nikapata wazo. Nilimwita kamanda wa sungusungu, nikamwita Kiwembe, nikawapendekezea: kesho asubuhi, mbele ya watu wote, wachimbaji wachimbe shimo moja tu, mahali watakapochagua wenyewe, waoshe udongo wake hadharani. Wasipoona kitu, wabebe mawe yangu yote na kuondoka. Wakiona, kijiji hakitawazuia. Walibishana, nami nikabishana nao, na kabla ya jua kuinama walikuwa wamepeana mikono. Mishale ikarudishwa majumbani. Nilihisi tena kile kimo.

Baba alikuwa anajifunga shuka ili aende kukaa langoni. Nilimsihi abaki.

"Nikae wapi? Ile ngitili niliachiwa na baba yangu," alisema. Kisha akauliza, taratibu, kama anayeulizia chumvi: "Udongo wa pale, umewahi kuuosha?"

Sijawahi.

Hakuna aliyewahi. Hakuna aliyewahi kutaka kujua. Nimeuza malisho ya kitongoji kwa hakika ambayo sina, kwa sababu tu hoja ilikuwa inapendeza. Tuko katikati ya ukanda wa dhahabu. Kwa nini mshipa uishie Mwakitolyo kwa heshima yangu? Wakiona kijistari kingine kesho, mkuyu utageuzwa magogo ya kuegemeza kuta za mashimo, na ng'ombe wa Mama Kulwa hawataiona mvua.

Naweka simu chini. Nampelekea baba chakula, nami nitakaa naye hadi kupambazuke.

Kila mtu niliyekua naye huku aliwahi kuomba ardhi yao ikutwe na dhahabu. Mimi leo naomba yetu ikutwe na udongo tu.