Kiganja Wazi

Mjukuu wangu Nekesa,

Habari za huko kwenye baridi? Sisi tuko. Magoti yanamsumbua shosho yako, lakini sokoni Kawangware haachi kwenda. Picha yako ukiwa juu ya farasi mlimani tumeiona. Unauliza kama kazi ya usaisi iliwahi kunitia hofu.

Mara moja, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi. Mimi Mluhya wa Kibera na mwenzangu Njoroge, Mkikuyu wa Kawangware, tulitunza farasi wa kubeba wageni msituni, mlimani. Wageni walitoroka, lakini farasi lazima atembezwe. Siku moja, tukimtembeza mmoja, vijana wenye mapanga wakatuzuia njiani.

"Toeni vitambulisho."

Jina la mmoja wetu lingetaja kabila wasilolitaka na kutuponza; hatukujua la nani. Nikakaza kamba, na farasi akaanza kurukaruka.

"Legeza," Njoroge akaninong'oneza. "Anasikia mkono wako."

Nikalegeza. Farasi akatulia, akanyoosha shingo kumnusa kiongozi wao. Kijana akarudi nyuma.

"Huyu anauma?"

Njoroge akampa kijana karoti. "Ukiishika na vidole, atakuuma. Kunjua kiganja. Na hiyo panga iweke chini, inamtisha."

Kijana akalichomeka panga ardhini. Farasi akala, na kijana akacheka.

"Haya, piteni."

Majina hakuuliza tena. Kwenye kona niligeuka. Panga alikuwa ameshalishika tena, lakini mkono wa pili bado ulikuwa wazi, naye anautazama.

Ukimlisha wako, kumbuka kiganja.

Guka wako,
Wafula