Meza ya Koko

Noonkopir, Kitengela

Mama yangu,

Umeamkaje huko, na mkono je? Huku upepo unatupaka vumbi mpaka kwa meno, lakini nimekula vizuri. Jana nilialikwa kwa nyanyake rafiki yangu Nasieku. Huyo nyanya tunamwita Koko. Mkono wake wa kulia ulipooza kama wako. Katikati ya meza yake kuna ubao wa mviringo unaozunguka juu ya beringi ya gurudumu la pikapu, na chakula chote kiko hapo. Nikataka kumsogezea mchuzi, akanichapa vidole. "Wacha! Mchuzi utakuja tu." Akasukuma ubao kwa kidole kimoja. Mchuzi ukamfikia, na chapati niliyokuwa nikiitolea macho ikaenda zake upande wa pili. Alicheka huyo!

Mama, najua kwa nini siku hizi unakulia jikoni peke yako. Hutaki kuomba kusogezewa vitu. Basi beringi nimeshanunua, nimeifunga ndani ya sweta. Ambia Baba asithubutu kuchoma ile mbao ya saiprasi. Nikifika tu naanza kupima. Utakaa mezani na sisi, na chumvi itakuwa upande wako. Tutakuomba wewe.

Binti yako,
Njeri