Jembe Lile Lirudi kwa Mwenyewe

Makambako, mwanzo wa mvua

Kwa mdogo wangu Lea, huko Kifanya.

Kamwene, mama Rakeli. Kamwene tena, maana najua wewe ukisalimiwa mara moja unasema umesalimiwa nusu. Sisi hapa tu wazima. Yohana anakohoa vumbi, kama kawaida ya watu wanaopasua mawe ya barabara ya serikali, lakini anamaliza ugali wake na kuomba nyongeza, basi simhesabu mgonjwa. Nanyi je? Miguu ya mama inaendeleaje na baridi ya huko? Mmekwisha kupanda, au mnangoja ardhi ilowe vizuri? Malori ya manamba hulala hapa, nami huwauliza vijana wa kwetu kama kuna anayemjua mumeo huko mkongeni. Mmoja aliniambia amemwona Tanga, mzima, tena amenenepa. Nikamwambia, kama amenenepa, si yeye.

Barua yako nimeipata. Mara ya kwanza niliisoma nimesimama, mara ya pili nikaketi. Unasema Baba Mdogo amezeeka, na tangu mkewe afariki hana wa kumpikia, na ukoo umekubaliana Rakeli akakae kwake baada ya Chakula cha Bwana. Tena unasema wazee wa kanisa wanataka nije Jumamosi ile ya maandalizi nimpe Baba Mdogo mkono mbele yao, kwa sababu watu wameona miaka yote nikija nyumbani sifiki kwake, na mwenye ugomvi na ndugu yake haendi mezani kwa Bwana. Umeandika, "Njoo tu dada, jambo lenyewe lilikwisha kwa jembe."

Lea, sikiliza. Rakeli asiende kule. Asiende kulala, asiende kupika, asiende hata kupeleka bakuli la njegere na kurudi. Hilo ndilo neno la barua hii. Mengine yote ni kukueleza kwa nini.

Wewe ulikuwa mdogo, unabebwa mgongoni. Baba alipokwenda mkongeni asirudi, Baba Mdogo ndiye aliyetushika. Mashamba yakawa yake, ng'ombe wakawa wake, nasi tukawa wake. Mimi ndiye niliyetumwa kumpelekea chakula kwenye mianzi yake, alikokuwa akigema pombe ya ulanzi. Nilikuwa sijaanza hata mafundisho ya kipaimara. Huko alinitendea ubaya ambao mtu mzima hamtendei mtoto, wala si mara moja. Sitaandika zaidi ya hapo. Lakini neno lenyewe nimeliandika, nawe umelisoma, na nyumba haijaanguka.

Nilimwambia mama. Mama alilia, akafunga nguo yake vizuri, akaenda kwake. Kesho yake Baba Mdogo akaja na jembe jipya la dukani Njombe, akaliegemeza ukutani kwetu bila kukaa. Unajua kwetu jembe ni neno zito. Kwa jembe mtu huoa, kwa jembe huomba radhi, na likishapokelewa, hakuna wa kufungua mdomo tena. Mama akalipokea. Mimi sikuulizwa. Tukalilimia, tukala mahindi yake, na Jumapili yeye akasimama kanisani akaomba kwa ile sauti yake nzuri mpaka wanawake wakafuta machozi.

Simlaumu mama. Angelikataa jembe, tungelala wapi? Lakini kutomlaumu si kusema alifanya sawa. Haya mawili nimechelewa sana kuyatenganisha.

Tangu wakati ule sikusali tena macho yakiwa yamefumbwa. Hilo hukulijua. Watu wakiinamisha vichwa, mimi natazama mlango. Hapa Makambako wengine walisema mke wa Yohana ana kiburi hata mbele za Mungu. Nikawaacha waseme. Ndipo akaja Mama Damari, mke wa mwinjilisti wetu, mwanamke wa Makete aliyekuwa mkunga huko Bulongwa. Siku moja baada ya kikao cha akina mama akanivuta kando.

"Tabita, mbona unasali macho wazi?"

Nikamwambia, "Nawe umeonaje, kama yako yalikuwa yamefumbwa?"

"Mimi mkunga," akasema. "Mkunga hafumbi yote mawili."

Nikacheka, nikakasirika kwamba nimecheka. Akaniambia nije Alhamisi nimsaidie kuchambua maharage. Nikaenda, na Alhamisi nyingine nikaenda. Kwa muda mrefu nilizungumza habari za kuku wangu tu, naye akasikiliza habari za kuku. Hakunisukuma. Siku niliyosema, nilisema nikitazama ungo, na mikono ikaendelea kuchambua peke yake, mpaka nikaona nimetupa maharage nimebakiza mawe.

Akaniuliza, "Ulitumwa nini siku ile?"

"Chakula."

"Ukapeleka chakula?"

"Nikapeleka."

"Basi kosa lako liko wapi?"

Nikalitafuta, Lea. Nimelitafuta tangu utoto wangu, na pale mbele ya ungo nikalitafuta tena kwa bidii. Sikuliona.

Usidhani niliinuka pale nimepona. Nililala siku kadhaa kama mwenye malaria. Alhamisi zikaendelea. Akanisomea habari ya yule binti wa mfalme aliyeharibiwa na ndugu yake, kisha akaambiwa anyamaze kwa kuwa ni ndugu. Kumbe jambo hili limo katika Neno la Mungu, wala Mungu hakulifunika kwa jembe. Mimi nilidhani Mungu ni wa Baba Mdogo, kwa sababu yeye ndiye aliyejua kuzungumza naye vizuri. Nikamwambia Damari kwamba maombi yangu mimi yamejaa hasira, hayafai. Akasema, "Mpelekee hivyohivyo, usimpambie. Yeye si mgeni." Nikampelekea. Lea, nimemwambia Mungu maneno ambayo nisingemwambia hata karani wa baraza, naye hakunifukuza.

Kusamehe nako tulikuzungumza. Nilimwuliza kama ni lazima nimsamehe leo. Akajibu, "Hilo ni lako na Mungu, na Mungu hana haraka. Lakini hata ukimsamehe fisi, mbuzi humfungi mlangoni pake."

Yohana nilimwambia baadaye. Niliogopa atanirudisha nyumbani. Alichukua shoka akaenda nyuma ya nyumba, akapasua kuni hadi jirani akauliza tuna harusi ya nani. Jioni akarudi amelowa jasho, akasema, "Kuni zitatufikisha Krismasi. Haya, niambie unataka nini, tufanye." Huyo ndiye shemeji yako mnayesema hana maneno.

Na Jumapili moja, watu wakiwa katika Baba Yetu, nikagundua nimefumba macho. Hakuna aliyeniambia. Nilipofumbua, mlango ulikuwa palepale, nami nilikuwa palepale. Bado nikisikia harufu ya ulanzi navuka barabara, na mtu akinigusa bega kwa nyuma naruka. Damari anasema kovu si kidonda. Mimi najua linapowasha.

Sasa unaona kwa nini siwezi kukujibu vingine. Utasema Baba Mdogo ni mzee, hana nguvu. Apikiwe na wanawe wa kiume, wana mikono. Utasema ukoo utanuna. Unune. Utasema yeye ndiye mwenye shamba unalolima, na mumeo yuko mbali. Hilo najua ni kweli, nami silichezei. Yohana amesema kama watakunyang'anya shamba, hapa kuna ardhi ya kulima na kuna nyumba, hata mama aletwe. Kuna shule pia ya kumwingiza Rakeli. Lakini mwenyewe umwulize anachotaka. Mimi sikuulizwa, yeye aulizwe.

Na jambo lingine nitaligusa kidogo tu. Mimi nilipoolewa na kuja huku, wewe ulibaki. Sikuulizi kitu, mdogo wangu. Ila ukitaka kuniambia, maharage ya kuchambua hayaishi.

Wazee waambie nakuja. Nitapanda lori la barabara hadi Njombe, kutoka hapo nitatembea, na Mama Damari anafuatana nami. Amesema magoti yake yakimshinda atabebwa kama askofu. Jumamosi ya maandalizi nitaketi benchi la mbele. Watakapoomba, nitafumba macho kama watu wengine. Kisha wakiniita nimpe Baba Mdogo mkono, nitainuka.

Jembe lile unalo bado, najua. Mama alikuachia, na mwaka jana nililiona nyuma ya mlango wako, limelika likabaki kama kiganja cha mtoto. Uje nalo kanisani, Lea. Likipokelewa mdomo hufungwa; basi likirudishwa mdomo umefunguliwa, na hakuna mzee wa Kibena atakayesema hajui maana yake. Mkono sitampa. Nitampa jembe lake mbele ya wote, na nitasema kwa nini, kwa sauti yangu hii isiyo nzuri.

Msomee mama barua hii yote, usiruke mahali. Mwambie nampenda, na kwamba siji kumshitaki, nakuja kumpokea mzigo. Msalimie shangazi yetu wa kule bondeni aliyekuwa akinificha jikoni kwake bila kuniuliza kitu. Mwambie sasa nafahamu. Msalimie mke wa mwalimu kwa kuifikisha barua yako bila kuikunja vibaya. Rakeli mbusu kichwani, na usiku alale chumbani kwako mpaka nifike.

Mimi dada yako, niliyekutangulia kuzaliwa lakini si kupendwa na Bwana,

Tabita

Jembe usilisafishe. Alione lilivyolika.