Bastola Chini ya Buibui

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada kabla ya Jumatatu, na tafadhali usinihukumu kwanza, maana mimi si msichana mbaya, nasoma chuo kimoja hapa Ukunda, kwetu ni Bongwe, na nimeshaposwa na Mselem tunayesoma naye darasa moja. Vijana wenye mapanga walipoanza kuwapora wanafunzi simu njiani, darasani tulijadiliana kama ni sawa mwanafunzi kubeba bunduki kwa siri, karibu wote wakainua mikono kukubali, nami niliinua, basi Mselem akapata bastola, wapi hakuniambia, ila langoni wavulana hupapaswa na mzee Chome, bawabu wetu, na sisi wenye mabuibui yeye huinamisha macho akasema, "Pita, mwanangu," kwa hiyo mimi ndiye ninayeiingiza, naifunga kiunoni kwa leso, na wenzangu wanaojua wananisifu kwamba sasa tuko salama. Ijumaa Mselem alikosana na Elijah, mwenzetu kutoka bara, kwa ubishi tu wa mpira, akanijia kwa hasira, akaninong'oneza, "Nipe ile." Nikamwambia nimeisahau nyumbani, na kumbe nilikuwa nayo kiunoni. Sasa iko sandukuni mwangu, na ameapa kuwa Jumatatu nisipokuja nayo posa imevunjika, na mahari tumeshapokea, mama ameshawaambia watu, nami nampenda. Je, nikikataa harusi itakuwaje, na nikisema, nani atanioa tena?

Muhsina, Bongwe

Marahaba, binti yangu. Pole, lakini sikupi pole nyingi. Mliogopa panga la njiani, mkaingiza bastola darasani, kisha mkapongezana. Mpaka leo hakuna mwizi aliyeiona. Aliyekaribia kuiona ni mwenzenu aliyebishana juu ya mpira.

Mzee Chome anainamisha macho kwa kukustahi, nawe heshima yake ndiyo uliyoifanya mlango wa kupitishia chuma. Siku ikigunduliwa yeye atafukuzwa kazi, na kila msichana atapapaswa pale langoni kwa ajili yako. Wala usijidanganye kuwa bastola ni ya Mselem. Ikikamatwa itakuwa kwenye leso yako, na ndiyo maana haibebi mwenyewe. Waliosema ukipenda boga upende na ua lake hawakusema upende na bastola yake.

Uongo wa Ijumaa ndilo jambo pekee la akili ulilolifanya. Sasa sema kweli. Usiiguse tena, usimrudishie, usiitupe chooni wala baharini. Leo hii mwambie mama na mjomba wako yote bila kupunguza, mjomba aende nawe polisi, na wakili mkimpata, polisi ndio waifuate huko sandukuni. Mselem asijue mpaka imechukuliwa. Jumatatu usiende chuoni. Mahari hurudishwa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniuliza harusi itakuwaje. Elijah atakuwaje, hukuniuliza.