Baba wa Kuazima

Jumatatu, 17 Juni

Mitumbwi imelala mchangani, mwezi unakaribia kujaa. Wavuvi wanashona nyavu na kusumbua wapita njia. Mmoja ameniuliza kama redioni tunalipwa kwa kusema au kwa kunyamaza. Nikapita mbio, nilikuwa nimechelewa.

Direkta amenipa kazi ya Mama Odette. Kituo cha vijana kinataka kuupa ukumbi wake mpya jina lake, nasi tutatangaza maisha yake. Kila neno nikague kwanza, maana mara ya mwisho wasikilizaji walitupigia simu siku nzima kutusahihisha. Nimefurahi mno. Mama Odette ni mama yangu wa ubatizo, rafiki wa Mama tangu shule ya masista. Utotoni nilikuwa nikimwona kwenye televisheni ya jirani, kwenye mchezo wa Kinshasa, na kuwaambia wenzangu wote: yule ni wangu.

Jumatano, 19 Juni

Kwake. Ugali na ndagala, wale dagaa wakavu wa ziwani, kwa mawese na pilipili. Amekula kunizidi, akalamba vidole. Bado mzuri. Bado anacheka hadi majirani wanachungulia.

Michezo aliyoigiza: kweli. Miaka aliyokaa Kinshasa: kweli. Mwaka wa kuzaliwa: si kweli, ila huo namwachia, mwanamke ana haki yake.

Amenipa kaseti ya mahojiano ya zamani. "Humu iko maisha yangu yote," amesema. "Chukua hivyo hivyo."

Alhamisi, 20 Juni

Nimesikiliza. Anasema yeye ni mtoto wa Mulongwe, hapa Uvira kando ya ziwa, binti wa mvuvi. Baba yake alizama ziwani. "Mbalamwezi kubwa, na taa za wavuvi zikimetameta."

Nimecheka peke yangu studioni. Mwezi ukiwa mkubwa, taa za nini? Samaki hawafuati taa mwezi unapoishinda, ndiyo maana mitumbwi yote iko mchangani wiki hii. Mtoto wa mvuvi hakosei hapo. Nikajiambia ni mapambo ya mwigizaji, nitayaondoa.

Kisha mengine. Kwamba mwili haukupatikana. Kwamba mama yake aliendelea kupika na kuacha sahani ya marehemu mchangani. Kwamba tangu hapo ndagala haijapita mdomoni mwake yeye Odette.

Jana tu alikuwa akilamba vidole.

Namjua mtu mmoja asiyekula ndagala. Anatupikia, anatupakulia, halafu anakula ugali wake na sombe, majani ya muhogo. Tukimuuliza anasema tumbo. Miaka yote tumbo.

Mama sijamuuliza. Naogopa.

Ijumaa, 21 Juni

Luberizi kwa pikipiki, kukagua habari ya kuzama. Vumbi hadi kwenye meno. Mzee Déo, kaka yake Mama Odette, amenipokea vizuri, amenipa maziwa. Nimemuuliza baba yao alizama lini. Ameniangalia kama nina malaria.

"Kuzama? Baba alikuwa mufugaji. Maji aliyaogopa. Alikufa hapa, mu kitanda yake."

Amenipeleka hadi kaburini, nyuma ya zizi. Saruji nzuri, jina limeandikwa vizuri. Odette mwenyewe ndiye aliyelijengea, amesema kwa fahari.

Sikuweza kumaliza maziwa. Nadhani amekasirika.

Jumamosi, 22 Juni

Nilitaka kumuuliza Mama kwa upole. Badala yake nikabonyeza kaseti. Alikuwa anachambua sombe. Mikono ikasimama. Amesikiliza mpaka mwisho.

"Huyo ni baba yangu."

Babu Kashindi. Kwetu tuliambiwa alikufa, basi, na mazungumzo yalikatika hapo. Nilidhani ni ugonjwa.

"Odette alikaa na minye pa mukeka siku zote za kilio," amesema. "Alilia kunipita. Ile ya sahani, sikuambia muntu mwingine. Ni yeye tu."

Hakulia. Amerudia sombe yake. Mimi ndiye niliyelia, tena kwa hasira.

Jumatatu, 24 Juni

Nimekwenda kwa Mama Odette bila kuarifu. Hakukana. Nilijiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo.

Kinshasa, amesema, hakuna aliyemtaka binti wa mwenye ng'ombe. Walitaka msichana aliyeteseka. Naye alikuwa amemwona mmoja kwa karibu.

"Mama yako alikuwa ananyamaza nayo tu. Minye niliifanya ijulikane."

Nimemuuliza kwa nini hakumwomba Mama ruhusa. "Angekatala." Amesema hivyo hivyo, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni.

Kisha akanishika mkono. Nitangaze kaseti ilivyo, kwa ajili yake. "Weye ni mtoto wangu, Sifa." Nikautoa mkono wangu. Nguo yangu ya komunyo alinishonea yeye, na hilo nalo linaniudhi, kwamba ilikuwa nzuri na niliipenda. Namchukia. Nimemwambia babu yangu hatatangazwa kwa jina la mtu mwingine, nikatoka bila kuaga.

Jumatano, 26 Juni

Direkta anaona kuzama ndiko utamu wa kipindi. Wasikilizaji watalia, anasema. Nimemweleza ni baba wa Mama, si wa Odette. Akashusha pumzi: mambo ya akina mama, mtapatana.

Nikabadili njia. Nikamwambia aache hivyo basi, wavuvi wote wa Uvira watapiga simu kuhusu huo mwezi na taa zake. Hapo akanielewa haraka sana.

Ijumaa, 28 Juni

Kimetoka. "Alizaliwa Luberizi, binti wa mfugaji." Watu wa ukumbi hawakulalamika, jina litabaki. Nimesema pia aliigiza vizuri. Mkono uliniwasha kulifuta hilo, lakini nililipwa kukagua, na ni kweli.

Simu haikulia hata mara moja.

Jumapili, 30 Juni

Baada ya misa Mama Odette hakuja. Mama alikuwa ameshatoa kiti chake barazani kwa mazoea. Kilikaa pale hadi chakula kikaisha, kisha akakirudisha ndani mwenyewe.

Mwezi umepungua. Jioni wavuvi wamesukuma mitumbwi, mmoja baada ya mwingine, wakigombana kuhusu petroli ya taa. Mama alikuwa akiwaangalia.

"Lete ile mashini yako," amesema.

Nimeleta kinasa sauti. Amesema jina la baba yake na la mtumbwi wake. Amesema mama yake alipika nini, na sahani ilikuwa ya rangi gani. Alipofika kwenye kilio akataja wote waliokaa mkekani, na Odette akamtaja pamoja na wengine, bila kubadili sauti. Nilitaka kusimamisha mashine. Sikusimamisha.

Akaniuliza kama imeingia. Nikamwambia imeingia yote.

"Ongeza hii. Mwezi haikuwako. Ilikuwa giza, njo maana walitoka."