Uvimbe Nyuma ya Pua

Jumanne

Kumbe sikuwa mwizi! Nimejiambia hivyo siku nzima na bado ni tamu.

Kazi yangu katika kikundi chetu cha maziwa ya ngamia ni kunusa kila mtungi kabla haujamiminwa kwenye pipa. Mwaka huu nilipitisha maziwa yaliyoharibika mara tatu. Habiba, mwenyekiti wetu, akaniita mwizi mbele ya wateja, eti nachanganya ya jana makusudi. Kichwa nacho kilipouma, nililaumu jua.

Daktari alinifumba macho, akaniwekea kahawa puani. Sikusikia kitu. Picha ya kichwa ikaonyesha uvimbe. Wakautoa, na leo maabara imejibu: ni aina inayoota kwenye utando wa ubongo, si saratani. Alhamdulillahi!

Harufu huenda isirudi. Hilo linaniuma, sitajidanganya.

Nilienda na karatasi moja kwa moja sokoni, maziwa kutoka kijiji cha Burat yakishushwa. Habiba akaisoma, akanirudishia.

“Nisamehe, dada yangu. Kuanzia leo mimi nitakunusia.”

Mitungi ilikuwa kumi na tisa. Nilimnusisha yote.