Abee, Madam

Discovery Gardens, Dubai
11 Januari

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje, na lile jicho? Sisi wazima. Mama yuko kazini hotelini, anakusalimia sana. Najua simu huisikii vizuri, kwa hiyo nitaipiga picha barua hii nimtumie Mubin wa stationari akuchapie kwa herufi kubwa kama siku zote. Mubin, nakuomba usisome.

Bibi, nina jambo la aibu. Jumatatu mwalimu wa hesabu alikuwa anaita majina. Mimi mawazo yalikuwa mbali, nilikuwa nakumbuka chai yako ya mchaichai. Akasema, "Martina?" Nikaitika kwa nguvu, kama umeniita wewe kutoka jikoni: "Abee!"

Halafu Ghaliya, yule anayekaa mbele na kupendwa na kila mtu, akageuka: "A, B... C, D!" Wakacheka, na mwalimu naye akacheka. Wao walisikia herufi, Bibi. Wangejuaje kwamba mtoto wa kike akiitwa huitika hivyo? Sasa naitwa Alfabeti. Chakula cha mchana nakula maktaba, nyuma ya rafu ya ramani, maana huko haji mtu.

Tena Miss Daphine, mwalimu wetu wa maigizo, Mganda, kanichagua kwenye mchezo wa kuchekesha. Unadhani niwe nani? Mtumishi wa ndani! Ghaliya ndiye madam. Ananiita mara tatu, nasema "Yes, madam" mara tatu, khalas, basi. Miss kasema, "Wewe mkimya, itakufaa." Mama anasema "yes, madam" kutwa nzima pale mapokezi, anarudi miguu imevimba. Na mimi nikasimame mbele ya shule nzima niseme hivyohivyo wanicheke? Ruhusa ya kujitoa ni mpaka mwisho wa mwezi. Nijitoe?

Mjukuu wako,
Martina


Tanga
19 Januari

Mke mwenzangu Martina,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba, kwa kuwa tangu Krismasi hukuniamkia. Mguu unalalamika asubuhi tu. Jicho ndilo limezidi ukungu. Tarehe tatu mwezi ujao nakwenda kutolewa mtoto wa jicho. Mubin anaapa hakusoma barua yako. Lakini ameniuliza huyo Ghaliya ni mtoto wa nani mpaka awe na kiburi vile.

Sasa sikiliza. Nilipokuwa na miaka kumi na saba nilikuwa nakata tiketi mlangoni mwa sinema hapa mjini. Watu wakishaingia, nasimama nyuma na tochi kuwaonyesha viti. Zilikuja filamu za Kimarekani, zile zisizo na rangi. Kizungu chao cha puani sikukielewa hata kidogo. Lakini filamu moja nikiiona wiki nzima, nilijua watu watacheka wapi.

Kulikuwa na mwanamke mmoja, ana pengo la meno ya mbele na kofia yenye ua lililolegea shingo. Tulimwita Bi Kofia. Wazuri wanapendana pale katikati, yeye kazi yake kufungua mlango na kubeba sinia. Basi madam wake anamwita. Haitiki! Anapangusa meza. Anaitwa tena. Anainua kichwa, anaweka kofia sawa, ua linaanguka upande wa pili. Hapo watu washaanza kushikana mabega. Ndipo anaitika, neno moja tu, na sinema yote inapasuka kwa kicheko. Wale wazuri nimewasahau sura na majina. Yeye simsahau.

Kwa hiyo usikimbilie neno lako. Wakikuita, nyamaza mpaka wadhani umesahau. Halafu nyamaza tena kidogo.

Na hiyo abee usiionee haya. Mimi mkubwa, ukiniita nakujibu "Unasemaje?" Abee ni yako wewe mdogo. Nilikufundisha mwenyewe na mwiko mkononi, umesahau?

Bibi yako, mke mwenzio


Discovery Gardens
31 Januari

Bibi,

Shikamoo. Naomba Mungu kila siku kwa ajili ya jicho lako. Huku tuna afya, ila mafua kidogo. Mama ana zamu mbili wiki hii, tunaonana mlangoni.

Nimempata! Kwenye kompyuta ya maktaba niliandika pengo, kofia na ua, nikatafuta siku nne. Anaitwa Mabel Tuttwell. Mama yake alikuwa dobi. Alianza kucheza jukwaani ana miaka kumi na nne, mstari wa nyuma kabisa. Siku moja wakamwita studio kwa kazi ya siku moja tu, afungue mlango aitike. Alipoitwa akasahau neno lake, Bibi! Alisahau kweli. Ukimya ukawa mrefu, akashika kofia kwa woga, ua likaanguka, mafundi wa taa wakacheka. Mwongozaji wa filamu akasema hapohapo, usibadilishe kitu. Kile ulichokuwa unakiona na tochi yako kilianza kwa kosa.

Alicheza filamu sitini na tatu kwa miaka ishirini na mbili. Arobaini na moja alikuwa mtumishi. Zilizobaki, jirani mbea, nesi, shangazi asiye na mume. Jina lake lilikuwa linaandikwa chini kabisa, na mara moja walilikosea wakaandika Mable Tuttle. Mara moja tu aliahidiwa awe ndiye mhusika mkuu, ile filamu ikafa kabla haijaanza. Alizeeka peke yake kwenye chumba kimoja na kofia zake. Mwandishi mmoja akamuuliza kama ana uchungu. Akasema, "Wenzangu walipewa mapenzi. Mimi nilipewa mlango." Nilisoma hiyo nyuma ya rafu ya ramani, nikalia kwa adabu kwa sababu ni maktaba.

Sijajitoa. Fundi Khalfan wa mtaa wa Satwa kanishonea aproni, na kofia yenye ua legevu.

Lakini Bibi, nimefanya dhambi. Wazazi wamealikwa kwenye onyesho tarehe kumi na mbili. Mimi nimemwambia Mama ni la wanafunzi tu. Sikutaka anione nikiwa mtumishi. Au sikutaka yeye ajione. Sijui. Usimwambie.

Mjukuu wako mwongo,
Martina


Discovery Gardens
13 Februari

Bibi,

Shikamoo. Umetoka hospitali? Sijapata barua. Najua jicho bado bichi, lakini Mubin angeandika hata mstari. Mimi mzima.

Ilikuwa jana. Ghaliya akaketi kwenye kochi, akaita, "Maid!" Bibi, nilikuwa nimepanga kunyamaza kama ulivyosema, lakini haikuwa mpango tena. Nilisahau. Ukumbi wote kimya, nasikia kiyoyozi. Ghaliya akaninong'oneza, "Yalla, sema!" Nikashika kofia, ua likaanguka. Mtu mmoja akacheka. Nikafungua mdomo, na lililotoka ni: "Abee?"

Ukumbi ulipasuka! Wale wa darasani walijua, wakapiga miguu chini. Aliponiita mara ya pili nikapangusa meza kwanza, polepole, mpaka miguu ya meza. Mara ya tatu sikuitika kabisa. Niliwageukia tu, nikaweka kofia sawa, ukumbi wote ukaitika kwa niaba yangu: "ABEEE!" Mpaka Ghaliya akacheka, na madam hatakiwi kucheka. Leo kaniletea sambusa kwenye rafu ya ramani. Akaketi nami.

Mwishoni wazazi walisimama. Nikamtafuta Mama. Nilimtafuta kabisa, Bibi, mstari kwa mstari, kama mtu ambaye hajui. Halafu nikakumbuka nani alimzuia asije.

Martina


Discovery Gardens
24 Februari

Bibi,

Shikamoo. Bado kimya. Mubin simu yake haipatikani, na Mama anasema operesheni ilikwenda vizuri, nisisumbue. Lakini kila jioni naangalia simu ya Mama kabla hajaingia kuoga.

Nimemwambia Mama ukweli. Ilikuwa siku yake ya mapumziko, anapiga pasi sare. Nilisema yote, mpaka lile la kutotaka ajione. Hakunigombeza. Aliendelea na kola, ile moja tu, mpaka nikaogopa ataiunguza. Akachomoa pasi. Akavaa koti la sare juu ya kanga, akaketi ukingoni mwa kitanda, mgongo wima, akakunja nne.

"Haya," akasema. "Leo mimi ndiye madam."

"Mama..."

"Sina mtoto hapa. Kavae kofia."

Nikavaa. Nikasimama upande wa pili wa pazia linalogawa chumba chetu. Akaita, "Martina!" Nikanyamaza. Nikapangusa friji. Akaita tena, sauti inaanza kutetemeka kwa kicheko: "We Martina! Madam anakuita!" Nikapenyeza kichwa, ua likaanguka.

"Abee, madam?"

Alicheka mpaka akalala chali na koti lake lililopigwa pasi. Jirani wa patisheni, ule ukuta wa mbao unaotutenganisha, akagonga. Halafu akaweka mkono juu ya macho. Akasema, "Hakuna aliyewahi kuniitikia mimi hapa." Akaniambia nianze tena mwanzo. Tulianza tena mara tano.

Nilitaka wewe ndiye wa kwanza kujua. Lakini ukimya wako umezidi, Bibi. Nilidhani labda unanifanyia kama Bi Kofia. Nikacheka. Baadaye sikucheka. Huku hakuna mwingine ninayemwandikia.

Basi nakuita. Bibi?

Bibi Emiliana!

Bibi!

Martina


Tanga
9 Machi

Abee.

(Daktari kanikataza kuandika mpaka mwezi uishe. Neno hili nimelichora mwenyewe, kwa jicho jipya. Haya mengine anaandika Mubin, ambaye simu yake ndiyo kwanza imepona, na anakiri amesoma zote.)

Mdogo wako leo tu,
Bibi